Mpika Chumvi wa Jangwani

Mwenye mtoto nje amwite aingie, ndipo nianze. Haya. Na asiyeamini akae kimya tu, maana hata mimi zamani sikuamini.

Sufiani mchoraji alitoka kwake saa kumi alasiri kwenda kuchuna magome ya mikoko. Hapo hapana la ajabu. Watu wote wa pande hizi za Ruaruke wamezoea kumwona akipita na baiskeli yake, kapu nyuma, panga limefungwa kwenye fremu, anaelekea jangwani. Na jangwa letu si lile la ngamia. Ni uwanda mweupe nyuma ya mikoko, maji makubwa ya bamvua hulifikia, yakirudi huacha chumvi. Pale hapaoti kitu. Sufiani alikuwa akisema hajaona ubao mkubwa na safi kama ule. Siku akikosa kazi huenda akachora kwa kijiti juu ya ganda la chumvi, mbuzi, mitumbwi, wacheza ngoma, akaviacha mpaka maji yaje yafute.

"Fundi," watu walimtania, "maji yameipenda picha?"

"Yameipenda mpaka yamekwenda nayo," naye huwajibu.

Siku hiyo mwenye gesti mmoja wa Ikwiriri alitaka achorewe ukutani mwanamke anapepeta mpunga. Sasa Sufiani, akichora ngozi ya mtu, hatumii rangi ya dukani. Anachemsha magome ya mkoko mpaka maji yawe mekundu ya kahawia, anatia gundi, anaongeza udongo mweupe wa jangwani kidogo kidogo. Ukiona picha zake unadhani mtu atakuamkia. Kachora vinyozi, kachora masharifu, kachora wachezaji mpira, kachora bibi harusi ambao waume zao wamekwisha kuwaacha. Nusu ya kuta za Kibiti ni mkono wake.

Mtu mmoja tu hakumchora. Fatu, mwanawe.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Kila baba akifungua makopo, yeye yuko pembeni, amekaa kwenye ndoo. "Baba, nichore na mimi." Na Sufiani, kazi za watu zimemzonga, anamjibu, "Kesho, mama." Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi.

Mwezi wa nne mvua zikamwagika. Sufiani yuko Kibiti, juu ya ngazi, anachora kichwa cha mwanamke aliyesuka kwenye ukuta wa saluni. Huku nyuma mtoto akapandwa na homa. Asubuhi degedege. Adhuhuri kashafariki. Barabara imekatwa na maji, simu haishiki, na maiti haingoji. Sufiani alifika siku ya tatu, amelowa mpaka kiunoni, akaoneshwa tuta la udongo mbichi, dogo, urefu wa mkeka wa kuswalia. Uso wa mwanawe hakuuona. Hata ule wa kuagana hakuupata.

Alilia, jamani. Tulimshika watu wanne.

Baada ya hitima, mama mkwe wake, Bi Mwanaheri, mtu wa dini na mwenye huruma, alimkalisha kitako. "Baba Fatu, picha za mtoto zilizo kwenye simu zifute. Sisi tumekuta wazee wanasema, picha ya marehemu ikitazamwa-tazamwa naye hapumziki. Mwache mjukuu wangu alale."

Sufiani akafuta. Moja moja. Zilikuwa kumi na tisa. Na msimlaumu, maana nyumba ngapi hapa zimefanya hivyo hivyo na hazikudhurika?

Arubaini ikapita. Ndipo akaamua, sasa nitamchora mwanangu, ile kesho yake imefika. Akatega ubao wa hadubodi, akachovya brashi. Mkono ukakaa hewani. Sura haikuja. Yeye ambaye humwona abiria mara moja stendi akamchora jioni na kovu lake! Alichora mtoto, lakini mtoto wa watu. Akachora mwingine. Wa watu vilevile. Aibu ikamwingia, kwa sababu alijua kwa nini. Alikuwa hamtazami. Alikuwa akimjibu huku macho yake yapo kwenye makopo.

Rukaya, mkewe, ndiye aliyekuwa na kila kitu. Alikuwa akikaa karibu naye kwenye mkeka, anamwelekeza kwa kidole. "Hapana, Baba Fatu. Nyusi zilikuwa zinakaribiana, hapa. Na huku mbele jino limeng'oka, akicheka anaziba pengo kwa ulimi." Sufiani anafuta, anachora. Rukaya anatazama. Machozi yanamshuka. "Siye." Kisha anaingia jikoni, anapakua chakula, na kila jioni anatenga kisahani cha bati pembeni, anakifunika, asubuhi anawapa kuku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi, ndiyo hali aliyotoka nayo nyumbani alasiri ile.

Alichuna magome, kapu likajaa. Jua limefika usawa wa vichwa vya mikoko. Akavuka kwenda kuchota udongo mweupe. Ganda la chumvi linavunjika chini ya miguu yake. Kra. Kra. Kra.

Ndipo akasikia harufu.

Si ya matope. Si ya samaki. Ni mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu... yale Rukaya aliyokuwa akimpaka Fatu kichwani kila asubuhi.

Akageuka.

Katikati ya jangwa, mafiga matatu. Juu yake chungu. Chini, moto. Na mwanamke amechutama, kanga kichwani, amempa mgongo.

Wapika chumvi tunao, kiangazi chote akina mama wanakomba udongo wa jangwani, wanauchuja, wanachemsha maji yake. Lakini hapana mpika chumvi wa hapa anayeacha moto ukawaka baada ya alasiri. Ikipita swala hiyo, mafiga yanapinduliwa, watu wanakwenda zao. Sufiani analijua hilo toka utotoni. Akasimama. Akatazama chini, aone mwenzake kapitia wapi, maana pale hata ndege akitua anaacha alama.

Nyayo zilikuwa zake peke yake.

"Shikamoo," akasema.

Mwanamke hakuitikia marahaba. "Umekuja, Baba Fatu."

Akageuza uso. Sufiani akamtazama kwa jicho la kazi, pua, shavu, kidevu, kama anavyomtazama kila mtu. Akainamisha macho kidogo tu. Sura ikamtoka! Yote! Akainua macho tena, akaiona. Akapepesa, haipo. Macho yanaona, akili haishiki. Toka aanze kuchora, jambo hilo halijamfika.

Na chungu kilikuwa kinatokota, mapovu yanapanda, lakini mlio... hakuna.

"Magome ya nini?" mwanamke akauliza, taratibu.

"Rangi."

"Ya kumchora nani?"

Sufiani akasema, maana mwenye msiba humwambia hata mgeni, "Sura ya mwanangu imenipotea."

"Haijapotea. Imo nyumbani mwako."

Akafikiria ile simu. Iko ndani ya sanduku, chini ya kitanda, na fundi mmoja wa Ikwiriri alikuwa amemwambia kwamba picha iliyofutwa haiondoki moja kwa moja, inabakia humo humo ndani imejificha.

"Nikachukue nikuletee?" mwanamke akauliza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa. Lakini si angechungulia kwanza kama hamna nyoka? Angeuliza neno moja tu, imo wapi? Hakuuliza. Kiu ilikuwa imemfika pabaya.

"Kachukue," Sufiani akasema.

"Yote?"

"Yote."

Mwanamke akatia mkono ndani ya chungu, mpaka kwenye kiwiko. Maji yanatokota. Akatoa gao la chumvi, kiganja tele, akalimwaga chini, akalisawazisha kwa kiganja. "Kesho uje na ubao wako. Haiji kwa siku moja."

Sufiani alivyoendesha baiskeli siku ile, anajua Mungu. Nyumbani hakusema kitu. Alifungua sanduku, akaikuta simu. Akaiwasha. Hamna picha. Akakaa nayo mkononi.

Kesho yake alasiri akaenda. Si kwamba hakuogopa. Aliogopa, akaenda.

Mwanamke yupo. Chungu kipo. Ile chumvi iliyosawazishwa jana ilikuwa imefanya mikunjo, imepanda hapa, imebonyea pale. Paji la uso. Masikio. Nyusi zinazokaribiana! Sufiani akapiga magoti, akachora huku analia kwa sauti. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Giza lilipoanza kuingia, mwanamke akafuta chumvi kwa kiganja. "Kesho."

Usiku alimwuliza mkewe, kwa kumpima tu, "Mama Fatu, hebu niambie tena zile nyusi."

Rukaya alikuwa anachambua mchele. Akasita. Akatazama juu, kama mtu anayetafuta jina la mji. "Mh... za kawaida tu, nadhani. Sikumbuki vizuri."

Kachoka, Sufiani akajisemea. Miezi yote hii ya kilio.

Siku ya pili ya kuchora yakaja mashavu. Ikaja pua. Ukaja mdomo, na pengo, na ncha ya ulimi kwenye pengo. Sufiani aliubusu ubao, rangi mbichi ikamganda midomoni. Yule mwanamke alikuwa anakoroga chungu chake, kimya, na ile harufu ya nazi na karafuu imezidi, imemjaa mpaka kichwa kinamuuma.

Jioni hiyo Rukaya alipakua sahani mbili. Kisahani cha bati hakukitenga. Akala akamaliza, akalala, na kwa mara ya kwanza toka mwezi wa nne, hakulia. Sufiani alikesha anamsikiliza anavyopumua.

Asubuhi jirani akapita nje. "Mama Fatu! Hodi, Mama Fatu! Wewe Mama Fatu, kulikoni?"

Rukaya anafagia uwanja. Hakugeuka. Mpaka jirani akamgusa bega.

"Alaa! Unaniita mimi?"

Sufiani alikuwa mlangoni. Alisikia. Na hapo, msikilizaji wangu, ndipo mtu alipotakiwa kuvunja ule ubao, akautia jikoni, akaushukuru moto. Lakini nafsi ikitaka chake haikosi hoja. Akajiambia, anapona. Akajiambia, Mwenyezi Mungu amempunguzia. Akajiambia, bado macho tu, nimalize macho, niache.

Alasiri ya tatu alikwenda bila kula.

Mwanamke hakuwa amechutama. Alikuwa amesimama, amemngoja.

"Yamebaki macho," akasema. "Nimalizie?"

"Mke wangu..." Sufiani akanong'ona.

"Hatalia tena."

"Mke wangu anakuwaje?"

"Nimalizie?"

Upepo ulikuwa umekufa. Hata mikoko haikutikisika. Sufiani alitazama ule ubao, uso wa mwanawe, mashavu yake, mdomo wake, na pale penye macho mahali pawili patupu. Nani kati yenu angegeuka akaenda zake? Semeni ukweli. Mimi nimejiuliza mara nyingi, na sijapenda jibu langu.

Akaitikia kwa kichwa.

Chumvi ikabonyea, mara mbili. Kope zikatoka. Mboni zikatoka. Zikamtazama. Si kama picha inavyomtazama mtu... zikamtazama. Na ule mdomo wa chumvi ukatikisika.

"Leo, Baba?"

Sufiani alichora. Alichora hajui anachora vipi, machozi yanachanganyika na rangi, anasema, "Leo, mama. Leo, mama. Leo." Alipoinua kichwa, jua limezama. Hapakuwa na mafiga. Hapakuwa na chungu. Alikuwa peke yake, na ubao kifuani.

Alifika nyumbani anahema. Taa inawaka. Mama mkwe wake, Bi Mwanaheri, amekuja kuwajulia hali, amekaa barazani na tasbihi yake. Ndani Rukaya anaimba. Anaimba! Akatoka na beseni la vyombo, uso umenawiri, kama msichana wa kigoli.

"Sufiani, mbona umechelewa?"

Sufiani. Toka mtoto azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Miaka sita na ushei, Baba Fatu, Baba Fatu.

Akaugeuza ubao kwenye taa.

Bi Mwanaheri alipiga ukelele. Tasbihi ikamponyoka. "Lahaula! Fatu! Mjukuu wangu!" Akajiburuta mpaka kwenye ubao, akaushika kwa mikono yote miwili. "Ndiye! Ndiye mwenyewe!"

Rukaya akaweka beseni chini. Akasogea. Akainama, akautazama ule uso vizuri, nyusi, pengo, ulimi, macho. Akatabasamu.

"Mashaallah," akasema. "Mtoto mzuri. Wa nani huyu?"

Bi Mwanaheri akamgeukia mkwewe polepole. Alikwisha kuona chumvi kwenye magoti yake.

"Umeutoa wapi uso huu?"

Akamweleza. Kwa kunong'ona, nyuma ya nyumba. Bi kizee akajipiga kifua. "Mwanangu, mwanangu. Marehemu mama alikuwa mpika chumvi. Alituambia, ukikuta moto jangwani baada ya alasiri, pita. Huyo anayepika hapo hana kitu chake. Anachokupa amekitoa kwa mtu. Ni nani, katoka wapi, mama hakujua, na waliojua hawakusema." Kisha akalia kwa ndani, kanga mdomoni, asisikiwe na mwanawe. "Uso ulikuwa haumo kwenye simu. Ulikuwa kwa mama yake."

Alfajiri Sufiani alikuwa njiani. Aliikuta alama ya matairi yake, na ubavuni mwake kitu ambacho hakukiona siku zile tatu. Nyayo za mtu mzima, bila viatu. Zinatoka jangwani kwenda kwake. Zinatoka kwake kurudi jangwani. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi. Na huko kwake zilikuwa zimefika mpaka mlangoni mwa chumba anacholala mkewe.

Akasimama katikati ya ule weupe akapaza sauti. "Chukua wangu! Nitoe mimi yote, mrudishie mwenyewe!" Akaita mpaka akakohoa damu. Jangwa likanyamaza. Alikwenda siku saba mfululizo, alasiri mpaka kiza, na hakuona moto.

Rukaya ni mzima, msinielewe vibaya. Anapika, anacheka, sokoni anajua bei zote. Amenenepa. Ameutundika ule ubao ukutani kwa mkono wake, eti nyumba ipendeze, na siku moja alimwambia mumewe, kwa haya, huku anachezea pindo la kanga, "Na sisi Mungu akitujalia, tupate kama huyu." Sufiani alitoka nje akatapika. Sasa anaikumbuka sura ya mwanawe mpaka vinyweleo, na yule aliyekuwa akimwelekeza kwa kidole hayupo tena wa kumuuliza kama amepatia.

Bi Mwanaheri alimkataza kumwambia. Lakini Ijumaa moja, baada ya swala, Sufiani alishindwa. Akamshika mkewe mkono, akampeleka makaburini. Hakusema wanakwenda kwa nani. Alikuwa na tumaini moja tu, kwamba mguu wa mama utajua mahali.

Wakafika. Tuta limedidimia, majani yameota mpaka magotini, maana tangu siku za jangwani hakuna aliyekuja kupalilia. Rukaya akasimama. Akatazama ule urefu. Sufiani akaona uso wa mkewe unabadilika, unalegea, macho yanajaa maji. Akasema moyoni, Alhamdulillahi.

"Maskini," Rukaya akasema. "Mtoto."

Akainua mikono, akasoma Fatiha, akapangusa uso. Kisha akachutama, akaanza kung'oa majani, taratibu, kwa ajili ya Mungu, kama mtu afanyavyo kwenye kaburi la mgeni.

"Sufiani," akauliza, bila kuinua kichwa, "huyu mama yake hayuko hai?"